ELAN huko Wakhan: programu iliyompa Nan nafasi ya kunisahihisha

Wengi wanaopakua ELAN, programu ya kunukuu rekodi za sauti na video, huifungua mara moja tu. Hukutana na dirisha lenye mistari mitupu na vitufe vidogo visivyojieleza, wakaifunga, wakarudi kwenye daftari. Mimi pia niliifunga. Niliirudia baada ya mwaka mzima, wakati rekodi za saa nyingi zilikuwa zimelala kwenye diski bila hata neno moja kuandikwa, na huu ni mwaka wa sita naitumia. Naipa nyota 4 na nusu kati ya 5. Nitaeleza hiyo nusu imekwenda wapi, lakini kwanza nieleze hizo 4, kwa sababu maelezo niliyoyakuta mimi nilipoanza yalikuwa ya vitufe tu. Hakuna aliyeniambia programu hii inabadilisha nini kati ya mwanaisimu na mtu anayemrekodi.

Kazi yangu ni kukusanya masimulizi, nyimbo na mazungumzo ya kila siku ya Kiwakhi, upande wa Tajikistan, katika vijiji vya bonde la Wakhan vilivyojipanga kandokando ya mto Panj kati ya Ishkashim na Langar. Ng'ambo ya mto ni Afghanistan. Ukisimama ukingoni wakati wa mavuno unawaona watu wa upande wa pili wakifunga miganda, nao wanazungumza lugha ileile; ni mpaka tu uliopitishwa katikati yao karne ya 19, Waingereza na Warusi walipokuwa wakigawana ushawishi. Wawakhi wengine wako kaskazini mwa Pakistan, wengine China. Wenyewe hujiita X̌ik, na lugha yao huiita x̌ik zik. Zik ni ulimi, ulimi huuhuu wa kinywani.

Kwa asiyeifahamu familia hii: lugha za Kihindi-Kiirani zina matawi matatu. La Kihindi-Kiarya lina Kihindi, Kiurdu, Kibengali, Kigujarati na ndugu zao wengi. La Kiirani lina Kiajemi, Kipashto, Kikurdi. La tatu, Kinuristani, ni dogo na liko milimani mashariki mwa Afghanistan. Kiwakhi ni cha tawi la Kiirani, lakini kimeachana na Kiajemi tangu zamani sana. Farasi kwa Kiajemi ni asp. Kwa Kiwakhi ni yaš, na hiyo š hutamkwa kama sh yetu. Sauti hiyo moja inakisogeza Kiwakhi karibu na Kikhotani, lugha ya Wasaka wa Khotan kwenye Njia ya Hariri, ambayo imenyamaza kwa takriban miaka elfu moja sasa. Kitajiki nacho ni Kiajemi, na ndiyo lugha ya shule na ya ofisi huko. Mswahili akikisikia Kitajiki hupata neno la kushika hapa na pale, kwa mfano rang, ambayo ndiyo rangi yetu. Akisikia Kiwakhi hapati pa kushika, na Mtajiki wa Dushanbe naye ni hivyohivyo.

Nasema haya kwa sababu yaliwahi kunigharimu. Kabla ya kuirudia ELAN nililipia huduma moja ya mtandaoni ya kugeuza sauti kuwa maandishi. Kiwakhi hakikuwamo kwenye orodha ya lugha zao, na mhudumu akaniandikia kwamba nichague Kiajemi, kwa kuwa ni lugha za eneo moja. Nilipokea kurasa tatu za Kiajemi safi, chenye nukta na aya, maneno ambayo bibi niliyemrekodi hakuyatamka hata moja. Pesa zilikwenda, sawa. Kilichonitia hofu ni jinsi zile kurasa zilivyofanana na kitu cha kweli. Mtu ambaye hakuwapo chumbani angezisoma na kuamini kwamba ndivyo bibi alivyosema.

ELAN kwa msingi wake haikuandikii chochote. Unaipa faili ya sauti, na ya video ukiwa nayo. Inakuchorea wimbi la sauti. Unaweka alama: sentensi inaanzia hapa, inaishia hapa. Kipande hicho ndicho unachokiandikia maneno, na tangu dakika hiyo maneno hayo hayana maisha mbali na sekunde zake. Ukiyabofya, sauti ya mwenyewe inasema. Ni jambo dogo kulieleza, na ndiyo sifa ya programu nzima. Waliotutangulia milimani kule hawakuwa nalo. Georg Morgenstierne, Mnorwe aliyefika Kabul mwaka 1924 na kuandika juu ya lugha nyingi za eneo hili kuliko karibu mtu yeyote wa wakati wake, alitegemea zaidi sikio na kalamu. Alikuwa na sikio la ajabu. Lakini sisi tunaosoma daftari la namna ile tunamsikia yeye, hatumsikii aliyekuwa akimsimulia.

Programu inatengenezwa katika Taasisi ya Max Planck ya Saikolojia ya Lugha iliyoko Nijmegen, Uholanzi. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi, na inafanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux. Ukishaisakinisha haihitaji intaneti kabisa, na kwa anayefanya kazi kijijini juu ya mita 2,500, ambako mtandao huja na kuondoka kama wingu, hilo peke yake lingetosha kuichagua. Lugha ya menyu inabadilishwa. Kirusi kimo, na vijana wengi wa Badakhshan wanakisoma, hivyo msaidizi wangu aliielewa programu siku moja kabla yangu.

Sasa matabaka, yaani mistari ya maandishi. Hapa ndipo watu hukwama, kwa hiyo nitakaa kidogo. ELAN inakutaka uamue mapema ni mistari gani itakaa chini ya wimbi la sauti, na upi unautegemea upi. Mimi nina matano kwa kila msemaji: maneno kama yalivyotamkwa, maneno hayohayo yaliyokatwa mofimu kwa mofimu (vipande vidogo kabisa vya neno vyenye maana), maana ya kila mofimu, tafsiri ya Kitajiki ambayo wenyeji wanaweza kuikagua, na tafsiri ya Kiingereza kwa ajili ya hifadhi. Tabaka la maneno limefungwa moja kwa moja na muda. La mofimu ni mgawanyo wa lile la maneno. La maana linafuata mofimu moja kwa moja, sanduku kwa sanduku. Ukikosea utegemezi huu mwanzoni utalia baadaye. Mimi nililiweka tabaka la maana chini ya tabaka la maneno badala ya la mofimu, nikaja kugundua faili kumi na moja mbele. Nilizirudia zote kwa mkono. Ushauri wangu: chukua dakika mbili za rekodi, zifanye mpaka mwisho, matabaka yote, ndipo uhifadhi mpangilio huo kama kiolezo na kuutumia kwa faili zote zinazofuata. ELAN ina faili maalumu ya kiolezo kwa kazi hiyo.

Kwamba kila msemaji ana matabaka yake nilikuja kukuthamini ndani ya nyumba yenyewe. Nyumba ya Kipamiri ni chumba kimoja kikubwa chenye nguzo 5, majukwaa ya kukalia yakizunguka, na tundu la mwanga juu lenye fremu nne za mraba zilizopandiana. Watu hukaa wakitazamana pande zote. Asubuhi, shirchoy ikiwa imemiminwa, chai ya maziwa yenye chumvi ambayo mkate humegewa ndani, hakuna anayengoja mwingine amalize kusema. Kwenye daftari ningeandika msemaji mmoja na kuwapoteza watatu. Kwenye ELAN mistari minne inakwenda pamoja, na pale sauti zinapopandana unaona kwa macho nani alimkatiza nani, na nani alinyamaza.

Kuhusu mwendo wa kazi: kuna hali ya kukata vipande, ambapo unasikiliza huku ukibonyeza kitufe kila sentensi inapoanza na kuisha, na kuna hali ya unukuzi, ambapo vipande vyote vinajipanga kama jedwali na wewe unashuka nalo safu kwa safu. Ukiingia kwenye kisanduku sauti yake inacheza yenyewe. Ukibonyeza Tab inacheza tena. Mikono haitoki kwenye kibodi. Bado dakika moja ya Kiwakhi hunichukua karibu saa nzima, na ninayesema hivyo ni mtu aliyekwisha kuizoea. Asikudanganye mtu kwamba kuna njia ya mkato.

Mwenyeji wangu nilimwita Nan. Ni neno la mama, na ndivyo kila mtu mle ndani alivyomwita. Alinisimulia jinsi farasi wa baba yake alivyozama kwenye barafu ya Panj wakati wa majira ya kuchipua na jinsi walivyomtoa kwa kamba. Simulizi la dakika 14. Nililinukuu peke yangu usiku, kwa taa ya sola, nikaridhika. Kesho yake nikaketi naye ili tukague. Nan hasomi maandishi yale ya kitaalamu, kwa hiyo tulikubaliana: kompyuta inacheza kipande, mimi namsomea kwa sauti nilichoandika, yeye anasema ndiyo au hapana.

Kipande cha nne alisema hapana. Nikasoma tena. Hapana. Nikadhani nimekosea neno, nikabadilisha. Akacheka kidogo na kulirudia neno lilelile nililoandika, ila kwa namna ambayo sikio langu lilisema ni sawasawa na yangu. Nikapunguza kasi ya sauti hadi asilimia 60 na kuwasha mrudio, ile sekunde moja ikawa inajirudia chumbani, tena na tena. Wajukuu wakasogea. Nan akashika kidevu changu kwa vidole viwili, akafungua kinywa chake ili nione, akatamka kh moja, halafu kh nyingine.

Kiwakhi kina kh mbili. Moja hutamkiwa kwenye kaakaa laini, nayo ndiyo tunayoiandika x̌. Ya pili hutoka nyuma zaidi, kwenye kimio, nayo ni x. Nilijua hivyo kwa kusoma. Kwenye sikio nilikuwa na kh moja tu, ile ya kheri na khofu kama wasemavyo wenye Kiarabu chao, na nilikuwa nimeiandikia herufi moja kila ilipotokea. Hata jina la watu wenyewe, X̌ik, nilikuwa nimeliandika kwa kh ambayo si yake. Tulilipitia simulizi lote upya na nikasahihisha zaidi ya mara thelathini. Siku ya tatu Nan alikuwa akibonyeza Tab mwenyewe, haningoji. Alikuwa akisikiliza kipande, ananitazama, anangoja nisome.

Ningekuwa na daftari peke yake, ubishi ule usingewezekana. Angebishana na kumbukumbu yangu juu ya kumbukumbu yake, na mgeni mwenye kalamu ndiye hushinda katika ubishi wa aina hiyo. Kwenye ELAN shahidi yuko mezani, na shahidi ni sauti yake. Naipenda programu hii kwa sababu hiyo kuliko nyingine zote nitakazozitaja.

Video nayo. Nilikuwa mbishi kuhusu video. Inajaza diski na inawatia watu aibu. Nilibadilika kwa ajili ya bakuli. Kiwakhi kina vionyeshi vya ngazi tatu: yəm kwa kilicho karibu na msemaji, yət kwa kilicho karibu na msikilizaji, na yaw kwa kilicho mbali na wote wawili. Wanafunzi wa Ulaya huhangaika na hiyo ya kati. Sisi hatuhangaiki, tuna hili, hilo na lile tangu utotoni, na nilijiona nimepata lugha ya kwetu. Katika simulizi la farasi kuna mahali Nan anasema baba yake alimnywesha yule mnyama maji ya moto kwa bakuli, na hapo ikaja yət. Kwa sauti peke yake nililichukulia kuwa bakuli lililokwisha kutajwa, kama "bakuli hilo" letu la kwenye hadithi, nikatafsiri hivyo. Mwaka uliofuata nikaifungua video niliyokuwa nimeichukua bila kuijali, nikaiunganisha na faili ileile, nikaenda fremu kwa fremu. Mkono wa Nan unainuka, kiganja kimegeuzwa juu, unaelekea kwangu. Mbele yangu kuna bakuli langu la shirchoy. Alikuwa akisema: bakuli kubwa kama hilo lako. Nilimpigia simu msaidizi wangu amuulize, akajibu kwamba bila shaka, kwani alikuwa akionyesha nini kingine? Tangu hapo nina tabaka la mikono, na sirekodi masimulizi bila kamera.

Sifa ya tatu ni utafutaji. ELAN inaweza kupekua faili zako zote kwa mpigo, na inakubali ruwaza, yaani si lazima uandike neno kamili. Nitoe mfano unaonihusu. Katika Kiswahili, ni- ya "nilikuja" haibanduki kwenye kitenzi chake. Katika Kiwakhi, kwenye wakati uliopita, kiambatishi cha nafsi hutembea. Cha nafsi ya kwanza umoja ni -əm, na mara nyingi hukishika kipashio cha kwanza cha sentensi: unasikia wuz-əm, yaani mimi pamoja na alama yangu, halafu maneno mengine yote, na kitenzi kinakuja mwisho kikiwa kitupu. Sentensi ikianza na "jana" au "nyumbani", alama inaweza kukaa huko. Swali langu lilikuwa ni wapi hasa hupenda kukaa watu wanapozungumza kwa kasi, wasipokuwa wakinitengenezea mifano. Nilitafuta -əm katika tabaka la mofimu kwenye mkusanyiko wote. Orodha ilipotokea, kila mstari ulikuwa mlango: bofya, faili inafunguka pale pale, sauti inacheza. Mifano kadhaa niliyokuwa nayo fahari ilianguka siku hiyo. Nilisikiliza na kukuta -əm haipo, ni mimi niliyeiweka kwa sababu sarufi iliniambia iwepo.

Nije kwenye ile nusu nyota.

Sehemu ya kamusi iliyomo ndani ya ELAN hainitoshi kwa kamusi kubwa inayokua kadiri unavyochambua. Kwa hilo watu wengi hutumia FLEx, programu ya kamusi na uchambuzi ya shirika la SIL, na faili hupelekwa huko na kurudishwa. Safari hiyo inawezekana, lakini ni kama kuvuka mto na mzigo kichwani: hesabu vitu kabla na baada. Mimi huhamisha mara moja tu, unukuzi ukiwa umekamilika, na nakala ya asili siigusi.

Tena ni programu ya mtu mmoja kwa kompyuta moja. Wawili hawawezi kuandika ndani ya faili moja kwa wakati mmoja wakiwa mbalimbali. Msaidizi wangu akiwa mjini Khorog nami nikiwa kijijini, tunagawana rekodi kabisa, yeye zake mimi zangu, na majina ya faili yana tarehe na herufi ya mwandishi. Na sura yake, nikiri, imekaa kizamani. Haikukaribishi. Mtu ambaye hajawahi kukaa na mtu anayeijua ataiona ngumu kwa wiki mbili nzuri, na wengi hawana wiki mbili.

Kuna mambo mengine mawili ambayo si kosa la programu, ila yatakuumiza usipoyajua. La kwanza: faili ya ELAN haibebi sauti ndani yake. Ni maandishi matupu ya XML (muundo wa kuhifadhi data kama maandishi), mepesi sana, yanayokumbuka tu sauti iko wapi. Faili ya WAV ya saa moja, stereo, 48 kHz, biti 24, ni takriban gigabaiti 1, kwa hiyo ni busara kuvitenganisha. Lakini nilipohamisha rekodi zangu kwenda diski mpya na kubadilisha majina njiani ili yapendeze, asubuhi yake kila faili ilifunguka bubu. Programu huuliza sauti iko wapi, nawe unaionyesha moja moja. Ukiwa nazo mia moja na kitu, ni siku yako imekwisha. Usibadilishe jina la rekodi baada ya kuanza kazi. Basi. Faida ya hiyo XML ni kwamba hata kama kesho ELAN haipo, faili inafunguka kwenye kihariri chochote cha maandishi na mtu akaisoma. Hifadhi za lugha huipenda kwa sababu hiyo.

La pili linahusu heshima, na ningependa lisemwe mapema kwenye kila mafunzo. Katikati ya rekodi moja Nan alimtaja jirani kwa jambo la aibu. Alipolisikia tulipokuwa tukikagua, aliweka mkono juu ya kibodi na kusema hilo litoke. ELAN yenyewe haihariri sauti. Nilitaka kufungua programu ya sauti na kukikata kipande kile, sekunde 9. Bahati nikakumbuka: ukikata sekunde 9, kila alama iliyo mbele yake inasogea sekunde 9, na kazi yote ya baadaye inakuwa imefungwa na maneno ya mtu mwingine. Usikate. Nyamazisha. Badilisha sekunde hizo kwa ukimya wa urefu uleule, fanya hivyo kwenye sauti na kwenye video, halafu kwenye ELAN futa maandishi ya kipande hicho na uandike tu kwamba msemaji ameomba. Nilimchezea Nan matokeo, akasikia ukimya, akatikisa kichwa kukubali, akataka nimchezee mara ya pili.

Vifaa sitasema sana. Kompyuta yangu ni ya kawaida, si mpya, na ELAN haijawahi kuishinda isipokuwa kwa video nzito sana, ambazo huzipunguza kuwa MP4 za kawaida kwanza. Washa hifadhi ya kujirudufu kila baada ya dakika chache; iko kwenye menyu ya faili. Kipaza sauti cha kuvaa kichwani ni bora kuliko cha mezani, kwani birika na watoto hubaki mbali. Na umeme ukikatika kijijini, kunukuu kunaendelea kwa betri saa tatu nne ukizima kila kitu kingine.

Nani aitumie? Ukiwa na rekodi moja ya dakika tano unayotaka kuipata kwenye karatasi, huihitaji. Ukitaka kupima sauti zenyewe, marefu ya irabu na kadhalika, utahitaji Praat pia, nayo hupokea vipande kutoka ELAN bila shida. Lakini ukiwa unakusanya lugha ambayo bado haina maandishi mamoja yanayokubaliwa na wote, kama Kiwakhi, au Kiishkashimi kinachosemwa upande huo wa Tajikistan katika kijiji cha Ryn, sijui utaanzaje bila kitu cha namna hii. Herufi nitakazochagua leo huenda wenyewe wakazikataa kesho. Sauti iliyo chini yake watakuwa nayo.

Mwaka huu nimeongeza tabaka la sita kwenye faili za simulizi, na nimeliita nan. Humo naandika alichosema yeye wakati wa kukagua: hapana hapa, sema polepole hapa, neno hili ni la watu wa Langar sisi hatulisemi, hapa baba alikuwa analia lakini sikutaka kukuambia siku ile. Maelezo hayo ya mwisho yako dakika ya 11 na sekunde 40, chini ya kipande ambacho kwenye wimbi la sauti kinaonekana kuwa pumzi tu.